Mbio za Ishirini za Mzigo

Benchi lenyewe ni ubao wa kitanda uliopandishwa juu ya matofali, upande mmoja umeinuka kuliko mwingine, kwa hiyo anayekaa mwisho wa kushoto hukaa kama mtu anayetaka kuaga. Limeegemezwa ukutani mwa kibanda cha kinyozi, pale barabara inapokata kona, na ikishafika saa nane mchana halina nafasi. Yupo Mkasi, kinyozi mwenyewe, ambaye hunyoa kichwa nusu akatoka nje kuchangia hoja, mteja akabaki ndani na nusu ya nywele zake. Yupo Soli, fundi viatu, mwenye sanduku la misumari na neno la mwisho juu ya kila jambo. Yupo Mama Birika, muuza kahawa, ambaye jiko lake liko mwisho wa benchi na masikio yake yako kote. Na kwa wiki sita sasa yupo Gia Tano, dereva wa lori kwa miaka ishirini na miwili, aliyekatazwa na daktari kukanyaga klachi mpaka goti lipone. Zamani watu wa kona walimjua kwa vumbi lake tu akipita. Siku hizi anakaa, mguu mmoja ameunyoosha mbele, anangoja saa kumi farasi wake akimbie.

Farasi huyo hanuki wala hatoi sauti barabarani, maana yumo ndani ya simu. Anaitwa Mzigo. Jina alipewa na Gia mwenyewe, ambaye maisha yake yote hajawahi kupewa kitu kingine cha kufikisha mahali. Bintiye ndiye aliyemwekea mchezo huo, asubuhi moja alipomkuta baba yake amekaa kitandani amevaa viatu, kamba zimefungwa vizuri, na hana pa kwenda. "Baba, shika hiki," alimwambia. "Umlee."

Wiki ya kwanza Gia alimwendesha farasi kama lori. Lango la mbio likifunguka tu, kiboko, moto, gia ya tano mpaka kwenye kona, na kwenye kona Mzigo anasimama kabisa, anahema, wenzake wanampita kama amefika kwake. Gia aliitukana simu kwa matusi yote ya barabarani anayoyajua, na anayajua mengi. Kisha, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akaanza kujifunza. Alijifunza kwamba farasi hulishwa alfajiri, huchanwa manyoya kwa kidole taratibu, hutembezwa asubuhi raundi mbili na si tatu, na kuanzia saa sita mchana mpaka saa kumi hulala, haguswi. Mtu ambaye hakuwahi kungojea chochote ila kizuizi cha reli kiinuke, alijikuta anaamka na kitu cha kungojea. Jambo hilo lilimpa raha kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele za watu.

Tatizo lilikuwa moja. Mzigo hakuwahi kushinda. Tuache kushinda, hakuwahi hata kumpita mwenzake. Hukimbia siku moja, siku ya pili hakuna mbio: mbio kumi na tisa, mara kumi na tisa ameshika mkia. Na sheria ya mchezo haina huruma: farasi akishika mkia mara ishirini, anafutwa, banda linabaki tupu. Mbio za ishirini zilikuwa leo, saa kumi kamili.

— Saa tisa na robo, — alisema Mkasi, akitoka ndani na mashine ya kunyolea mkononi. — Mzee, muda bado upo. Kuna kile kitufe.

— Kitufe gani? — aliuliza Gia, ingawa alikijua vizuri.

— Cha "Mwachie". Unabonyeza, huyu anakwenda zake, unapewa dume jipya, miguu yote minne inafanya kazi. Bure kabisa!

— Simwachii.

— Sisemi kwa ubaya, mzee.

— Hata kwa wema. Simwachii.

Soli alipigilia msumari kwenye kisigino cha kiatu, akautoa mwingine mdomoni ndipo akasema:

— Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Sasa wewe umevumilia mpaka mbivu imeoza, imeanguka, imeota mti mwingine.

— Na huo mti nitaungoja.

— Mwacheni jamani, — alisema Mama Birika, akimimina kahawa. — Ila na wewe, kaka yangu, uwe unashaurika. Asiyesikia la mkuu huvunjika...

Macho yote yalikwenda kwenye mguu ulionyooshwa, yakarudi haraka, kila jicho likatafuta pa kutua.

— Malizia, — alisema Gia.

— Hupata tabu, — alimalizia Mama Birika. — Ndivyo tulivyofundishwa kwetu.

— Haya. Nimesikia. Simwachii.

Simu yenyewe ilikuwa ndani kwa Mkasi, kwenye rafu ya poda, inachajiwa. Soketi ya nyumbani kwa Gia iliungua mwaka jana na mke wake amechoka kumkumbusha. Kwa hiyo kila siku saa sita, Mzigo akishalazwa, simu hukabidhiwa kinyozi, na kwenye saa kumi kasorobo hutolewa. Haina namba ya siri. Gia husema mtu asiye na siri hafungi mlango.

— Na umeme wako, Mkasi, sijui unauchota wapi, — alisema. — Simu inakaa humo saa nne nzima, inatoka na kile kimstari chekundu pale juu, robo haijai.

Mkasi aligutuka kama ametukaniwa mama.

— Umeme wangu una nini? Umeme huu unanyoa watu thelathini kwa siku!

— Unawanyoa nusu nusu.

Kutoka ndani, mteja alikohoa kikohozi cha mtu anayekubaliana.

— Tuacheni umeme, — alisema Soli. — Tatizo ni kwato. Kwato ya nyuma, kushoto. Imelika upande. Nimemwangalia kwa makini.

— Umemwangalia lini kwa makini? — aliuliza Gia. — Mimi nawaonyesha mbio tu, na mbio zenyewe ni dakika mbili.

— Fundi haangalii kwa dakika, anaangalia kwa jicho. Akikanyaga, inalala upande wa nje. Mwenda pole hajikwai, nakubali, na Mzigo hajajikwaa hata siku moja. Lakini haya si mashindano ya kutojikwaa.

— Kwato! — Mkasi alicheka. — Soli, wewe hata ungekuwa na mke akaumwa kichwa, ungemtazama soli. Sikilizeni niwape siri. Kuna mtu amekaa mahali. Ana meza, ana kiti kinachozunguka, ana orodha. Kila asubuhi anaamua: huyu wa kwanza, huyu wa pili, yule wa dereva, mkia.

— Kwa nini mimi? — Gia aliuliza.

— Lazima awepo mtu. Mkia ni cheo, mzee. Kila cheo kina mwenyewe.

— Mnazunguka mbuyu, — alisema Mama Birika. — Mnyama ana upweke. Banda zima analala peke yake, hana wa kumnong'oneza. Kiumbe asiye na wa kumrudia atakimbilia nini?

— Mimi nalala peke yangu, — alisema Soli.

— Na umewahi kumpita nani?

Benchi lilicheka mpaka ubao ukayumba. Soli alingoja kicheko kiishe, kwa subira ya mtu anayejua atalipiza.

— Kuna jambo zaidi, — Mkasi aliendelea, sasa amesahau kabisa kwamba ana kichwa cha mtu ndani. — Wale farasi kumi, mmewatazama? Ni mmoja! Walimpiga picha siku kumi tofauti, wakawapaka rangi, wakawapanga. Huyu Mzigo ni wa ile siku alipoumwa tumbo.

— Kwa hiyo nalea siku ya kuumwa tumbo.

— Ndiyo maana hapati nafuu, mzee! Siku hiyo imeshapita!

— Fadhila ya punda ni mateke, — alisema Soli kwa huzuni.

— Huyu ni farasi.

— Ndiyo maana hata teke hatujaliona.

Gia alicheka naye. Alikuwa anacheka tangu wiki ya kwanza. Kijiweni usipocheka unageuzwa mada. Kisha Soli, akiwa bado hajasahau habari ya kulala peke yake, akataka la kwake lizidi yote.

— Niwaambieni ukweli ambao hamuujui. Simu hizi zinahesabu hatua za mwenye simu. Zinajua umetembea kiasi gani, umepanda ngazi ngapi, umechechemea wapi. Unadhani habari hizo zinakwenda wapi? Anapewa farasi! Ndiyo. Farasi anapewa miguu ya bwana wake. Sasa bwana akiwa...

Hakumaliza, na safari hii hakuna aliyemwambia amalizie. Kikombe cha kahawa cha Gia kilisimama nusu ya njia kuelekea mdomoni. Iliuma. Iliuma kwa sababu si Soli wa kwanza kuliwaza jambo hilo. Gia mwenyewe alikuwa ameliwaza, mbio za kumi na mbili au za kumi na tatu, akalifukuza kama nzi, likarudi.

Aliweka kahawa chini.

— Nisikilizeni vizuri, kwa sababu sitarudia. Mimi nimebeba saruji, nimebeba mbao, nimebeba kuku hai elfu mbili waliokuwa wananitukana njia nzima. Lori limenifia mlimani, nimekaa nalo siku tatu, nakula mkate mkavu, na bado nimefika. Sijawahi kuacha mzigo njiani. Hata mmoja. Siku tajiri mwenye lori alipochukua funguo zangu hakuuliza goti linaendeleaje. Alisema, "Pumzika, tutakuita," huku anafunga mlango wa ofisi. Wiki sita, hajaita. Sasa ninyi mnataka nibonyeze kitufe nimfanyie huyu vilevile? Kwa sababu ni wa mwisho? Sawa, ni wa mwisho! Wa mwisho naye ana mwenyewe. Mwenyewe ndiye mimi. Kama ni kufutwa, atafutwa akikimbia, na mimi nitakuwa nimemtazama mpaka kwenye mstari.

Mkasi alitazama mashine yake, Soli alitazama sanduku lake, na Mama Birika aliufunika uso kwa ncha ya kitambaa kana kwamba moshi umemwingia, ingawa jiko halikuwa na moshi. Gia alidhani ni heshima. Alijisikia vizuri kidogo, akaichukua tena kahawa yake.

Hapo ndipo alipokuja mfagiaji wa barabara. Wote walimjua kwa fagio lake. Kila siku hupita, wao huinua miguu, yeye hufagia chini ya benchi, wao hushusha miguu, basi. Hakuwahi kukaa. Leo aliegemeza fagio ukutani, akavua glavu, akakaa kwenye ule mwisho wa kushoto bila kuomba nafasi.

— Naomba kahawa, mama. Miguu imegoma.

— Karibu, dada, — alisema Mama Birika, mwenye furaha kubwa ya kubadilisha mazungumzo. — Kaa utakavyo.

— Ninyi kila siku mnagombana nini saa hizi? Napita nasikia farasi, farasi. Mimi ndiye ninayezoa uchafu wa barabara hii yote, na sijaona hata kinyesi chake kimoja.

Kicheko kilirudi, kikubwa kuliko mzaha wenyewe, kwa kuwa kila mtu alikuwa anakihitaji. Mkasi aliingia ndani kuileta simu. Alikawia kidogo. Alipotoka alikuwa anakifuta kioo kwa shati lake.

— Saa kumi kasoro dakika kumi, — alisema, akampa Gia simu bila kumtazama.

Gia aliifungua kama anavyoifungua siku zote, moja kwa moja kwenye lango la mbio. Bandani huwa haingii saa hizo. Aliwahi kusoma kwamba farasi akiamshwa ghafla kabla ya mbio hushtuka, kwa hiyo hungoja mchezo wenyewe umlete langoni. Alimwelekezea mfagiaji kioo.

— Hawa ni wenzake. Yeye ataletwa hapa, nafasi ya saba. Mweusi, ana doa hapa kwenye paji la uso.

— Hebu nione.

Mfagiaji aliishika simu kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto mchanga wa jirani. Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa fagio, na kimoja kiligusa pembeni pasipotakiwa. Kioo kikageuka. Pakaonekana ukuta wa mbao, majani makavu, ndoo ya maji.

— Huyu ndiye?

— Ndiye. Umefungua banda, lakini haidhuru, — alisema Gia, akishusha sauti. — Amelala humo tangu saa sita. Usiongee kwa nguvu tu.

Mfagiaji alitazama. Alisogeza simu karibu na uso wake, akatazama tena.

— Kama amelala tangu saa sita, mbona anatoka jasho?

Lilikuwa swali dogo, na aliliuliza kwa kutaka kujua tu. Lakini Soli alitia msumari mdomoni, kisha wa pili, kisha wa tatu. Mama Birika alipepea makaa ambayo yalikuwa yanawaka vizuri bila yeye. Mkasi alikumbuka kwamba ana mteja, akageuka, ila miguu haikumpeleka.

Gia aliichukua simu. Mzigo hakuwa amelala. Alikuwa amesimama katikati ya banda, kichwa kimeinama mpaka karibu na majani, mbavu zinapanda na kushuka, na matone yanamtoka shingoni moja baada ya jingine. Juu ya kichwa chake palikuwa na kile kimstari chekundu. Humu bandani kilikuwa na maandishi chini yake, na maandishi yalisema: Nguvu.

— Mkasi, — alisema Gia polepole. — Hiki si betri?

— Betri ni ile kule upande wa pili, mzee. Imejaa. Nilikwambia umeme wangu hauna kasoro.

Wiki sita Gia alikuwa anakitazama kimstari kile na kuongeza muda wa kuchaji. Dereva mzima, mwenye kujua geji ya mafuta, ya joto na ya upepo, alishindwa kusoma geji ya farasi wake. Aliinua macho.

— Nani?

Mkasi aliitazama barabara kama mtu anayengoja basi.

— Nani, nimeuliza!

— Raundi tatu tu, mzee, — alisema Mkasi. — Za kumpasha moto. Injini baridi haivuti, wewe mwenyewe ulitufundisha hapa hapa.

— Lini?

— Saa saba hivi.

— Leo?

— Leo. Na zile siku nyingine.

— Saa saba? — Soli alishtuka mpaka misumari ikamtoka mdomoni. — Ndiyo maana mimi saa nane namkuta amesimama! Nikadhani kaamka mwenyewe!

— Unamkuta wapi wewe?

— Si naingia kunywa maji? Nikimwona namrusha viunzi. Viwili, vitatu. Ile kwato ilegee.

— Ninyi hamna hata haya! — alipaza sauti Mama Birika, amesimama, kipepeo cha jiko mkononi. — Mnyama amelala, mnamwamsha mmoja baada ya mwingine! Mimi angalau nilimpa shayiri tu.

— Saa ngapi? — aliuliza Gia.

— Saa tisa, naingia kuomba moto. Shayiri kidogo.

— Basi?

— Kisha nikamzungusha ishuke tumboni.

— Ukamzungusha vipi?

— Mbio kidogo, — alisema Mama Birika, na akakaa.

Pazia la kibanda lilifunguka, mteja akatoka, upande mmoja wa kichwa unang'aa na mwingine msitu.

— Mimi ni mara moja tu, — alisema. — Nilikuwa nangoja kumaliziwa.

Gia alisimama. Goti lilimkumbusha kwamba halijaruhusu, hakulijali.

— Wiki sita! Naamka alfajiri kumlisha. Namchana kwa kidole mpaka kidole kinakufa ganzi. Namtembeza raundi mbili, natamani ya tatu, najizuia. Najizuia mimi! Mimi ambaye sikuwahi kujizuia kwenye mteremko! Namlaza, nawakabidhi, kisha nakuja hapa nakaa nanyi, mnaniambia kwato, mnaniambia upweke, mnaniambia kuna mtu ana kiti kinachozunguka! Chovya chovya humaliza buyu la asali. Mmemmaliza farasi wangu kwa kuonja!

— Wahenga walisema nahodha wengi... — Soli alianza.

— Usimalizie!

— Basi.

Mama Birika hakuinua kichwa aliposema, na sauti yake haikuwa ile ya kuuzia kahawa.

— Ni uso wako, kaka yangu. Saa kumi zikifika, wanapita wote wanakuacha, uso wako hautazamiki. Mimi nakaa hapa nauona. Nilitaka siku moja tu awe wa tisa. Sikujua na hawa wanataka.

— Nami ni hivyo hivyo, — Mkasi alisema. — Nikimwona anachelewa, mkono unaniwasha. Nikasema, nikimsaidia kidogo, mzee hatajua, atafurahi.

Kuwakasirikia watu waliokuonea huruma ni kazi ngumu, na Gia alikuwa anaifanya kwa nguvu zake zote, ila hasira ilikuwa inamvujia. Simu ililia mkononi. Baragumu la kwanza. Dakika nne.

— Mwachie sasa, mzee, — alisema Mkasi kwa upole. — Tumeshamharibu sisi. Chukua mwingine, na huyo hatumgusi, naapa.

— Simwachii.

— Basi akikimbia hivi alivyo anafutwa. Mwone!

Gia alimwona. Kwenye kioo palikuwa na vitufe vitatu. "Mwachie" alishakikataa. "Ingia" alikuwa amekibonyeza mara kumi na tisa bila kufikiri. Cha tatu kiliandikwa "Jitoe", na katika wiki zote sita hakuwahi kukitazama zaidi ya mtu anavyomtazama ombaomba anayemjua. Kujitoa ni kuegesha. Na kuegesha, katika kamusi yake, kulikuwa ni jina jingine la kuacha. Dakika chache tu zilizopita alikuwa ameapa mbele ya benchi zima kwamba Mzigo atakimbia mpaka kwenye mstari. Alitamani sana atimize, kwa ajili ya maneno yale mazuri tu.

Mbavu za Mzigo zilipanda, zikashuka. Kidole cha Gia kilisogea.

— Mzee, ukijitoa unashushwa daraja! — alisema Mkasi. — Na utaonekana umeogopa.

— Nitaonekana na nani?

— Na hao wenye farasi wengine.

— Wanakaa wapi?

— Sijui. Humo humo.

— Wakitoka waambie wanitafute hapa. Nakaa katikati, mguu umenyooshwa, hawatanikosa. Waambie dereva kaegesha, na lori ni lake, na mzigo ni wake, na atakapoondoka ataondoka nao!

Akabonyeza. Alijisikia ameaibika, kisha aibu ikapita, ikamwacha amesimama pale pale, hajafa.

Bandani, Mzigo aliinua kichwa, akasikiliza. Akakunja miguu ya mbele, akakunja ya nyuma, akajilaza chini kwa ubavu. Majani yakasogea. Mteja wa nusu kichwa aliinama juu ya bega la Gia.

— Kumbe analala hivyo, — alisema.

Hakuna aliyewahi kukaa akamtazama akilala. Wote walimtazama, na Mama Birika aliliacha jiko lake. Baragumu la mwisho likalia, kwato zikavuma ndani ya simu, farasi tisa wakaenda mbio zao mahali fulani nyuma ya ule ukuta wa mbao. Dakika mbili zikaisha. Majina yakapita juu ya kioo, la kwanza mpaka la tisa. Aliyeshika mkia alikuwa wa kahawia, wa mtu wasiyemjua.

— Pole yake, — alisema Soli, na alisema kwa moyo.

Kisha kioo kikaandika: Farasi amechoka sana. Mapumziko siku kumi na mbili. Asiguswe.

— Kumi na mbili! — Mkasi alishika kichwa. — Hata kumlisha?

— Banda litamlisha lenyewe, imeandikwa hapa.

— Hata kumchana? — aliuliza Mama Birika.

— Asiguswe ni asiguswe.

— Ila kumtazama tu, bila kugusa...

— Mama Birika!

Mama Birika alirudi kwenye jiko, akainamisha birika kumwongezea mfagiaji, zikatoka machicha. Kahawa ilikuwa imekwisha. Mfagiaji alivaa glavu zake, akasimama, akachukua fagio. Wao wakainua miguu kwa mazoea, naye akafagia misumari ya Soli iliyotawanyika chini, akaisukuma hadi kwenye sanduku lake.

— Siku kumi na mbili si nyingi, — alisema. — Mtaweza?

Aliwatazama mmoja mmoja, anangoja jibu kwa nia njema kabisa. Mkasi aliingiza mikono yote miwili mifukoni. Soli alifungua mdomo, akatafuta wahenga, hakuwakuta. Mama Birika alishughulika na machicha. Gia alitaka kusema yeye ataweza, alikuwa na sauti ya kulisema, na kifua alikuwa amekwisha kukitanua. Ndipo akaona kidole chake kiko juu ya kioo, kimeshafika, kinatafuta shingo ya farasi mahali pa kuanzia kuchana.

Alikitoa, akakifumba ndani ya ngumi, na ngumi akaikalia.